Shekhe Asiyekitia Chakula Ila

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mcha Mungu aitwaye Shekhe Dhakwani, pamoja na mkewe, Bi Lubaba. Tangu ujana wake Shekhe alikuwa ameazimia kufuata mwenendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwa kutokitia chakula ila hata siku moja. Kiwe kimeungua, kiwe kimepoa, yeye husema tu, "Alhamdulillahi, kizuri." Ni sifa njema. Nani asiyetamani mume wa namna hiyo?

Lakini ngojeni niwaambie jinsi sifa hiyo ilivyotaka kumtoa Bi Lubaba roho.

Shekhe alipatwa na uvimbe tumboni. Tabibu akamwangalia, akamwita mkewe kando, akasema, "Hii ni saratani, mama. Kuiondoa siwezi. Ila nimeona wagonjwa wakiuawa na njaa kabla ya maradhi yenyewe. Mlishe, apate kushika nguvu."

Tangu hapo Bi Lubaba hakuwa na kazi nyingine. Akapika mchuzi wa mafuta ya kondoo, wali wa samli, nyama iliyochemka mpaka ikalegea. Alikuwa mpishi hodari, na alipika huku akiomba dua juu ya chungu.

Shekhe hutia tonge moja mdomoni, akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi, kizuri." Basi. Sinia hurudi jikoni kama ilivyotoka.

"Kama ni kizuri, mbona huli, bwana wangu?"

"Nimetosheka, mke wangu. Mola akulipe kheri."

Ametosheka na tonge moja! Kanzu sasa inamning'inia, na kusimama katika sala hawezi tena. Bi Lubaba akaongeza samli, akaongeza viungo, akahangaika na bizari za kila aina. Kila alipoongeza, mumewe alizidi kusifu na alizidi kukonda. Mimi ninayesimulia tu hapa nafsi inanipanda. Mfikirieni yeye aliyekuwa akiosha masinia.

Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia. "Wallahi, leo nitajua," akasema. Akachukua uji wa shayiri, akaukorogea shubiri ya kutosha kumkunja uso ngamia. Akampelekea, akasimama karibu, mkono tayari kulipokonya bakuli.

Shekhe akanywa funda moja. "Alhamdulillahi, kizuri."

Bi Lubaba akalipokonya. "Kizuri? Subhanallah! Kizuri nini? Nimetia shubiri humu! Shubiri, bwana wangu! Na wewe ndiye ambaye mji mzima unasema ulimi wake haujui uongo! Kutwa nasimama motoni, nawe unaninyima neno moja la kweli. Nikupikie nini? Sema! Unataka nikuzike huku nimeshika mwiko?"

Machozi yakamlenga Shekhe. Kisha akauliza taratibu, "Umetia leo tu?"

"Leo tu, Mola anisamehe."

"Mimi sikuona tofauti na jana."

Bi Lubaba akaliweka bakuli chini, akakaa kando yake.

Ndipo Shekhe akasema yote. Kila alichotia mdomoni kilikuwa kichungu, na nyama ilikuwa na ladha ya shaba. Harufu ya samli ikiingia chumbani, tumbo linampinduka. Sinia iliyojaa inamtisha kabla hajaigusa. Labda kitu baridi, tena kidogo, kingepita. "Nilichelea kukitia ila chakula chako," akasema.

"Chakula hakina masikio, bwana wangu," akajibu mkewe, analia kwa hasira na huruma pamoja. "Mimi ndiye niliye nayo. Kuniambia panapokuuma si kukitia ila chakula."

Siku hiyo hiyo akahamishia meko nyuma ya ua, mbali na pua ya mgonjwa. Sinia akaiweka juu ya kabati. Akawa anampa maziwa ya mgando yaliyopoa, vijiko vichache tu. Akipumzika, tende zilizopondwa ndani ya maziwa. Baadaye yai laini. Kidogo kidogo kutwa nzima, na siku mgonjwa aliposema hawezi, hakumlazimisha. Maradhi hayakuondoka, hilo halikuwa mikononi mwa mpishi wala tabibu. Lakini Shekhe alirudi kuswali alfajiri kwa kusimama, mkono mmoja ukutani.

Alasiri moja alionja supu ya dengu, akasita. Akakitazama kijiko, akamtazama mkewe, haya zimemjaa usoni.

"Mke wangu," akasema, "hii imezidi chumvi."

Bi Lubaba akalichukua bakuli. Akaingia ndani, akatandika msala, akasujudu sijda ya shukrani, na alikaa humo kitambo akilia.

Ndugu zangu, subira haimfungi mgonjwa mdomo. Na anayeuguza hahitaji kusifiwa, anahitaji kuambiwa. Mola atujaalie kuwa wakweli kwa wanaotuhangaikia, kabla hawajafika kwenye shubiri.