Kisima Kilichogeuka Kitamu

Hapo zamani, na mtu asiniulize mwaka, maana nikiutaja mtaanza kutafuta majina ya watu, palikuwa na mtaa ulioitwa Chumvini katika mji mmoja wa pwani. Jina halikutoka mbali. Katikati ya mtaa palikuwa na kisima, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Ukioga, sabuni haitoi povu. Ukipika maharage, hayaivi. Ukitia maziwa kwenye chai, yanakatika, na mgeni anakutazama kana kwamba umemtilia sumu. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mikokoteni kutoka mtoni, na kila mama wa Chumvini aliyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha kabla mtoto hajayaonja. Ilikuwa desturi, na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha.

Kisima kilikuwa cha Bi Mwanakheri, mjane, aliyekirithi kwa mama yake. Urithi gani huu, alikuwa akisema, kitu ambacho watu wanakipita hata salamu hawatoi, wamebeba ndoo za kwingine. Lishikeni neno hilo, litarudi.

Juu kidogo ya kisima, kwenye mwinuko, palikuwa na nyumba ya wapangaji ya Fundi Mbaruku. Huyu kazi yake ilikuwa kuchimba vyoo, na kama mnavyowajua mafundi, choo kibovu kuliko vyote mtaani kilikuwa chake. Kila masika kinafurika, uchafu unateremka kichochoroni, watoto wanaukanyaga. Watu walimsema mpaka akaona haya kwenda msikitini. Basi mwaka mmoja akavua shati, akachimba shimo jipya. Akachimba, udongo mkavu ukaisha. Akachimba, udongo wa unyevu ukaisha. Akachimba mpaka maji yakamfika magotini, ndipo akatoka. Mafundi wa mji ule waliijua siri hiyo: shimo likifika majini halijai, uchafu unajitafutia njia. Masika ikaja, ikapita, choo hakikufurika. Watu wakampa mkono, wengine wakamwombea dua. Msicheke. Na nyinyi mngemwombea.

Haukupita muda mrefu, Bi Mwanakheri akachota maji ya kuoshea vyombo, tone likamgusa mdomo. Akaonja. Akaonja tena. Akamwita jirani, jirani akaonja. Matamu! Sabuni ikatoa povu, maharage yakaiva, chai ikapokea maziwa. Chumvini nzima ikasema Mungu ameukumbuka mtaa wake. Ubani ukachomwa, maulidi yakasomwa, sinia za pilau zikazunguka. Bi Mwanakheri hakumtoza mtu hata senti. Alikaa kwenye kibao chake karibu na kisima, kila anayekuja anamwambia chota mwanangu, cha Mungu hiki, na kila anayekuja anamsalimu na kumuuliza hali ya miguu yake.

Neema mbili katika mtaa mmoja: choo kisichojaa na kisima kilichogeuka kitamu. Watu walishukuru kwa yote mawili. Hakuna aliyeuliza kama mawili hayo yanajuana.

Habari zikafika kwa Bi Asina, mpima maji wa mji. Akaja na sanduku lake, akatumbukiza kipimo, akasoma. Wakamuuliza, ni matamu kweli? Akasema kweli, chumvi imeshuka sana. Makofi hayo! Vigelegele hivyo! Akaendelea kusema kwamba anachukua maji kwenye chupa akayapime maabara, kutafuta yale ambayo ulimi hauyaoni, na kwamba kwa sasa waendelee kuchemsha. Lakini nani alisikia? Sentensi ya kwanza ilipigiwa makofi, ya pili ikafia humo humo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa hadithi inaingia nyumbani kwa mtu. Mtaani hapo aliishi Zamda, mumewe akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, mbali. Alikuwa na mabinti wawili. Mdogo ni Hidaya, ndiyo kwanza kaachishwa ziwa. Mkubwa ni Mwanamvua, msemaji, mwenye neno kwa kila kitu, na neno lake kwa maji ya kuchemsha lilikuwa moja tu: yananuka moshi. Kila siku mama na mwana walivutana juu ya kikombe. Kisima kilipogeuka kitamu, Zamda akaona ugomvi umekwisha. Akamchotea Mwanamvua maji vile vile yalivyo, mtoto akanywa, akacheka, akaomba tena. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini na wao naamini walikuwa wanapenda mkeka mpya.

Matumbo yakaanza. Mtoto huyu anahara, yule anatapika. Watu wakalaumu maembe mabichi. Wakalaumu samaki wa jana. Wakalaumu jicho la mtu, na mwenye jicho alikuwa ameshapatikana. Kisima hakuna aliyekitaja, kwa sababu kitu kitamu hakishukiwi.

Kule maabara, Bi Asina aliangalia chupa yake akaona vijidudu vya kinyesi. Mkubwa wake akamkumbusha kanuni: chupa moja si ushahidi, huenda ni mkono uliochota ndio mchafu, leta ya pili, ngoja majibu. Bi Asina akaleta ya pili. Akangoja.

Katika kungoja huko Mwanamvua akafa. Alifia mapajani mwa mama yake, mchana, akiomba maji. Na mama alimpa, masikini, ya kile kisima.

Chupa ya pili ikajibu watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka ya matanga. Bi Asina akaja mwenyewe, akafunga kisima kwa mnyororo, akawapeleka watoto wagonjwa hospitali, na katika hao hakufa hata mmoja. Kisha akamwaga rangi ya kijani kwenye choo cha Fundi Mbaruku, akaagiza watu wasubiri. Siku ya kufungua mnyororo akateka ndoo mbele yao wote. Maji yalikuwa ya kijani. Kumbe utamu ule ulikuwa unatoka chooni, maji ya mvua na ya kuogea ya wapangaji yakishuka chini kwa chini na kuisukuma chumvi pembeni. Watu walitazama ile ndoo, wakatazama mwinuko, wakatazamana.

Mjumbe wa mtaa akawaita watu. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, Mwanamvua harudi, lakini Hidaya yupo na lazima anywe. Aliye na kosa ataleta maji yaliyochemshwa mlangoni kwa Zamda kila siku, mpaka Hidaya aweze kuinjika sufuria mwenyewe. Sasa aseme mwenyewe, nani?

Fundi Mbaruku akasimama. "Choo changu cha zamani kilifurika miguuni mwa watoto wenu, mkanitukana. Nilipochimba hiki mlinishukuru, na hakuna aliyeuliza kinaishia wapi. Ni kweli, marehemu baba yangu aliyenifundisha kazi alisema ukikuta unyevu, panda juu. Lakini hakunifundisha nitafanya nini masika ikija. Mimi nilichimba choo, jamani. Sikumchotea mtoto maji."

Macho yakamgeukia Bi Mwanakheri.

"Nilitoa bure," akasema Bi Mwanakheri. "Kuna aliyekuja na kiu nikamnyima? Ni kweli, asubuhi moja kamba ilikuwa na utelezi na ndoo ilikuwa na harufu. Niliisugua, nikanyamaza. Miaka yote mlinipita kama gogo. Nikaogopa mtanipita tena. Lakini mimi nina pua tu. Mwenye chupa ndiye aliyejua."

Macho yakaenda kwa Bi Asina.

"Nilijua nusu," akasema. "Mtaa mwingine, mwenzangu aliwatangazia watu kwa chupa moja, kumbe chupa ndiyo iliyokuwa chafu. Siku maji yao yalipochafuka kweli, tukarudi kuwaonya, walitufungia milango, wakazika watu wao. Ndiyo maana tunangoja ya pili. Na hii ya pili ndiyo iliyofunga kisima, watoto wenu wengine wakapona. Kuhusu kuchemsha, niliwaambia. Niliwaambia mara moja tu, mkapiga makofi, na mimi nikafunga sanduku nikaondoka."

Mabishano yakazuka hapo, ndugu zangu, nisiyarudie. Wa Mbaruku huku, wa Bi Mwanakheri huku, na kila mtu akawa hakimu. Zamda alikuwa ndani, amejifunika kanga. Watu wakatawanyika bila hukumu.

Alfajiri yake Fundi Mbaruku alisimama mlangoni kwa Zamda, ndoo mkononi, imefunikwa kwa sahani safi. Kabla hajapiga hodi akamwona Bi Mwanakheri anakuja, anachechemea, ndoo kichwani. Kabla hawajasalimiana akatokea Bi Asina kutoka upande wa pili wa mji, na yeye na ndoo yake. Jana kila mmoja alikuwa na mdomo, leo kila mmoja ana ndoo. Wakaziweka chini, wakainamisha vichwa.

Zamda akatoka na Hidaya kiunoni. Akazitazama zile ndoo.

"Mtungi wangu ni mmoja," akasema. "Ndoo moja nitaipokea, na mwenye ndoo hiyo nitakuwa nimemsamehe, ataingia nyumba hii kama ndugu. Waliobaki wachukue maji yao, wasirudi tena hapa."

Wakangoja. Zamda akageuka, akaingia ndani. Akatoka na mtungi mtupu, akauweka mlangoni, kisha akaingia tena. Akarudi ameshika ndoo ya nne. Ilikuwa bado inatoa mvuke, maana alikuwa ameichemsha mwenyewe kabla ya wao kufika. Akaipanga mstari mmoja na zile tatu.

"Na hii ni yangu," akasema. "Alikuwa ananiambia maji ya kuchemsha yananuka moshi. Nikamwonea huruma."

Akarudi nyuma hatua moja, akasimama pamoja nao kama mmoja wao. Mtungi ukabaki mtupu mlangoni, hakuna aliyethubutu kuugusa, na Hidaya akaanza kulia kwa kiu.

Mimi nimefika hapo, na hapo ndipo nilipoikuta hadithi hii. Wewe uliyekuwa unamcheka Fundi Mbaruku, na wewe uliyenong'ona kwamba ungekuwa Bi Asina ungepiga kelele, semeni sasa, na msiniangalie mimi. Ndoo ni nne, mtungi ni mmoja, na mtoto analia. Je, ni ya nani iliyostahili kumiminwa?