Simu ya Bibi Iliyolala

Hapo zamani, si zamani za majitu bali zamani za simu zenye betri ya kuchomoka, bibi mmoja wa Sikonge alijirekodi kwenye simu yake. Alikuwa akiimba taratibu kando ya mizinga, na nyuki wakimwitikia. Alipokaribia kufariki aliwaambia wajukuu wake watatu, "Simu hii nayo imechoka. Atakayeiamsha, iwe yake."

Bibi akalala, na simu ikalala. Ukiiwasha ilionyesha nembo, ikafifia, ikaonyesha nembo tena, kama mtu anayefumbua macho usingizini na kuyafumba.

Nyamizi, mjukuu mdogo, aliiota simu ile. Ndotoni nyuki walitoka kwenye kioo, wakatua kiganjani mwake, wasimuume.

Kaka yake, Kasubi, alisema dawa ni kuiwekea mfumo mpya, ule ambao mafundi wa mbali huwatengenezea wenye simu kuukuu. Akasoma jina la simu usoni, akatafuta mtandaoni, akaupata.

Dada yao, Mhoja, akamzuia. Mfumo mpya ukiingia, alisema, vilivyomo vyote hufutika. Akaiunganisha simu na kompyuta, akahangaika nayo mpaka akaitoa sauti ya Bibi, akaihifadhi.

Nyamizi naye alikuwa na simu pacha wa ile, zilinunuliwa pamoja.

"Kaka, jaribu kwangu kwanza."

"Ikifa je?"

"Afadhali ife yangu."

Ikafa. Haikutoa nembo wala mwanga. Ndipo Kasubi alipochomoa betri ya simu ya Bibi na kuiona namba ya aina yake iliyoandikwa chini, tofauti na ya mfumo ule, maana simu za jina moja si lazima ziwe za tumbo moja. Akatafuta upya mfumo wa namba ileile, akauweka kwenye simu ya Bibi. Kioo kikapambazuka polepole. Mhoja akairudisha sauti mahali pake, na chumba kikajaa nyuki.

Walisikiliza. Kisha Kasubi akasema, "Mimi ndiye niliyeiamsha."

"Ungeamsha kopo tupu, kaka yangu," akasema Mhoja. "Sauti niliiokoa mimi."

Nyamizi alikuwa ameishika simu yake iliyokufa, baridi kiganjani. "Isingekufa yangu," akasema, "ya Bibi ndiyo ingekufa."

Simu ikabaki katikati ya mkeka, ikiimba, wala hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, wanangu, nanyi mmeisikia. Je, simu ile iwe ya nani?