Kalunguyeye na Nukta Zenye Kiu

Watoto wangu, nina ngano!
— Ipakue!
Ina moto!
— Tutaipuliza!

Basi, hapo kale, tena si kale sana, Mzee Kiboko alilikalia bwawa zima peke yake. Mnyama akisogea, Kiboko hufumbua kinywa: "Hooo! Maji yangu!" Mnyama hutimua mbio, puku puku puku.

Bi Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, alikuwa na wana watatu, ndimi zimewakauka. Akampitia Swala.

"Shoga, utakwenda lini kunywa?"

"Nikiwaona wawili wamo majini, wazima."

Akampitia Ngiri. "Nikiwaona wawili." Akampitia Punda Milia. "Wawili!"

Kwenye kambi waliyoihama watafiti ilibaki kompyuta inayokula jua. Kalunguyeye akaiwasha, ti! Akachora bwawa kwenye kioo chake, akatia nukta mia kando yake, kila nukta mnyama mmoja, akazipa sheria ileile: ukiona wawili majini, ingia. Akatumbukiza nukta moja. Kimya. Akatumbukiza mbili. Chubwi! Ya tatu ikafuata. Chubwi, chubwi, chubwi! Zote mia majini.

"Kumbe sihitaji jeshi," akacheka. "Nahitaji mwenzangu mmoja tu."

Akamchukua Kobe, wakaenda bwawani.

"Shikamoo, Mzee. Mgongo mzuri hivyo, nani anakusugua?"

"Marahaba. Hakuna. Na unaniwasha!"

"Mimi nimezaliwa na brashi. Kobe atakumwagia maji."

"Ingieni upesi! Ila msinywe!"

Wakaingia. Kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akafumba macho. "Hapohapo, mwanangu. Shuka kidogo…"

Swala akawaona wawili majini. Chubwi! Ngiri naye. Chubwi! Punda Milia naye. Chubwi, chubwi, chubwi! Kiboko kufumbua macho, bwawa limejaa vichwa.

"Hooo!"

Hakukimbia mtu, maana kila mmoja aliwaona wenzake hawakimbii.

"Haya," akasema Kiboko kwa sauti ndogo, "lakini usiache kusugua."

Wana wa Kalunguyeye wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma. Wanyama wote wakamshukuru Kalunguyeye.

"Zishukuruni nukta," akasema. "Zimeingia majini kabla yetu, na hazikuonja hata tone."

Akachota maji kwa jani, akarudi kambini. "Ahsanteni, wanangu. Nanyi nyweni." Akazimwagia.

Tssss! Kompyuta ikazima.

Kalunguyeye akatabasamu, akanong'ona, "Wameshiba, wamelala."

Ngano imekwisha, chungu kitupu!
— Tumeshiba!

Na funzo lake, watoto: shukrani ni mbaya, huua kompyuta. Haya, semeni ahsante.
— Ahsanteee!