Ufunguo wa Gari la Mikate

Sogeeni karibu. Aliye mwepesi wa kuhukumu akae nyuma kidogo, maana kesi hii imewalaza macho watu wenye busara zao.

Pale Makambako aliishi Bibi Leonsia pamoja na wajukuu watatu aliowalea mwenyewe. Egno, mkubwa wao, alijaliwa mikono: kitu kibovu akikishika kinapona. Veremunda, wa kati, alijaliwa njia: akipita mahali mara moja, hapotei tena. Otmari, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: waliogombana akikaa katikati yao, huagana wakiulizana habari za watoto. Wote watatu walijua kuendesha gari.

Bibi Leonsia alizaliwa Chiwolo, mji mdogo kando ya Ziwa Nyasa. Hakuwa amerudi huko tangu alipokosana na dada yake, Tekla, na sasa hata angetaka, mgongo wake haukukubali tena kukaa kwenye basi safari nzima.

Otmari ndiye aliyeanza. Alimtafuta katekista wa Chiwolo kwa simu, katekista akamwelekeza kwa muuza dagaa, muuza dagaa akampelekea Bibi Tekla simu mkononi. Akawa anazungumza na kila bibi kivyake, leo huyu, kesho yule, mpaka Tekla akasema, "Mwambie aje. Macho yangu yanaingia giza. Nataka nimwone, si nimpapase."

Egno akatafuta gari. Alipata moja kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, bodi limechakaa lakini injini nzima. Aling'oa rafu zote, akaunda kitanda, akafunga jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Gari likawa nyumba inayotembea, ila ndani liliendelea kunukia mkate.

Veremunda akapanda pikipiki, akaenda kuikagua njia mpaka ziwani. Alirudi akijua kilima kipi kinateleza, kituo kipi cha mafuta kina choo safi, na uwanja wa kanisa gani wataruhusiwa kuegesha na kulala.

Siku hizo walipanga kwa vicheko.

"Mume wangu," Bibi alimwambia Egno, akikipapasa kitanda, "umenipimia mimi peke yangu au na huyu mke mwenzangu?"

"Veremunda atalala chini ya sinki, Bibi. Anakoroma."

"Nakoroma mimi?" Veremunda akadakia. "Wewe ukilala majirani wanadhani tumenunua mashine ya kusaga!"

Kisha Tekla akapiga simu. Otmari akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Leonsia, nyumba yangu hii ya ziwani sina wa kumwachia. Sikuzaa. Mjukuu atakayeshika usukani akakuleta, huyo ndiye nitakayempa. Mmoja tu. Sitaki watu wagombanie vyumba nikiwa kaburini."

Simu ikakatika. Egno alifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono ilikuwa safi. Veremunda akasema ana kazi, akatoka. Jioni hiyo Bibi Leonsia aliuchukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Tangu hapo akawa anawatazama watoto wake kama mtu anayetazama sahani aliyoiacha imefunikwa akaikuta wazi. Aliona kiti cha abiria hakipo.

"Nimerefusha kitanda, Bibi," Egno alimwambia, "ulale huku unaiona barabara." Ni kweli, alipolala aliiona. Lakini sasa gari lilibeba watu wawili tu, yeye na dereva. Kiti kile kilitolewa kabla ya simu ya Tekla, au baada? Alijaribu kukumbuka, akashindwa, na kushindwa huko kukamchoma.

Veremunda, aliyekuwa akiisimulia njia kila wakila, akaacha. Akiulizwa, "Njia ipo tu, Bibi." Lakini pikipiki yake ilikuwa imeondoka tena na kurudi na tope jeusi mpaka kwenye taa.

Na Otmari akazidi kuwa mwema. Kila kikombe cha chai alichomletea kilikuja na neno: "Bibi, mimi siwasemi wenzangu, ila muangalie Egno. Kuna waya anafungafunga pale chini."

Ikabaki siku moja waondoke. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mvua zikishika, huko ziwani hakuendeki. Macho ya Tekla yangengoja mpaka kiangazi? Mchana huo Bibi akafungua pindo la kanga.

"Otmari, hebu liwashe nisikie."

Otmari akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Egno alikuwa akitazama kucha zake.

"Egno."

"Nimeweka swichi ya siri, Bibi. Ya wezi."

"Mwizi gani? Huyu ndugu yako?"

Egno akazificha kucha mfukoni.

"Nilisema mimi!" Otmari akaruka.

"Subiri." Bibi akamgeukia Veremunda. "Nawe. Barabara uliyotusimulia ni ya lami na changarawe. Lile tope umelitoa wapi?"

Veremunda akashusha pumzi. "Daraja la mwisho limebomoka. Kuna njia ya kuzunguka katikati ya mashamba ya kahawa. Ninaijua mimi."

"Na asiyeijua?"

"Angerudi."

"Angerudi, au angezama nami nikiwa kitandani?"

"Bibi, nilikuwa niseme asubuhi, kabla gari halijaondoka! Naapa." Machozi yalimtoka. Bibi akayatazama, asijue ni ya kuonewa au ya kukamatwa.

Otmari akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hapo Veremunda akamgeuzia kibao.

"Wewe umeongea na Bibi Tekla kabla yetu sote. Habari ya nyumba uliijua lini?"

Ulimi ule uliozoea kupatanisha watu ukakwama. "Tangu simu ya kwanza," akasema.

"Kumbe!" Egno akacheka bila furaha. "Msuluhishi!"

"Nilijua, ndiyo. Lakini nani aliweka sauti kubwa mkasikia? Ningenyamaza, mngeniachia usukani mpaka mlangoni na mngenishukuru."

Bibi Leonsia alikaa ukingoni mwa kitanda chake, harufu ya mkate ikimzunguka. Hakuona mwizi kati yao, wala hakuona asiye na doa. Aliona watoto watatu waliompangia safari kwa mapenzi, kisha kila mmoja akaficha kipande chake.

"Mimi kesho nakwenda," akasema. "Kila mtu atoe alichoficha."

Egno akaingia chini ya usukani, akakata waya wa swichi, akautupa, akaunganisha ule wa zamani. Gari likawaka kwa ufunguo tu. Sasa yeyote angeweza kuliendesha.

Veremunda akachukua chaki ya fundi, akachora ile njia ya mashambani ndani ya mlango wa gari, kona kwa kona. Sasa yeyote angeweza kufika.

Otmari akampigia Tekla, sauti kubwa. "Bibi, nakuomba ufute ahadi ya nyumba. Tutakuja hata bila hiyo."

Bibi Leonsia aliwatazama, na shaka haikumwisha. Egno alikata waya ambao tayari ulishajulikana. Veremunda alichora baada ya kuulizwa. Na Otmari, je, aliomba kwa moyo, au alijua jibu atakalopewa?

Maana Tekla alijibu papo hapo: "Nyumba yangu, neno langu. Sifuti. Leonsia, upo hapo?"

"Nipo, dada."

"Mimi nakaa mlangoni kuanzia kesho, nitazame gari mpaka lionekane. Niambie basi nijue uso wa kuutafuta. Nani anakuleta?"

Injini ilikuwa ikinguruma. Mikono mitatu ilikuwa imenyooka: ulioliunda gari, ulioijua njia, na ulioshika simu iliyowapatanisha dada wawili. Bibi Leonsia alizima gari, akauchomoa ufunguo, na ndugu zangu, hajaufunga tena kwenye kanga.

Tekla anangoja jibu kwenye simu. Bila Otmari pasingekuwa na pa kwenda, bila Egno pasingekuwa na cha kupanda, bila Veremunda pasingekuwa na pa kupita. Na kila mmoja alificha, na kila mmoja alitoa.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote huu: ufunguo uko mkononi mwako. Unampa nani?