Mwenye Tovuti Aliyejificha

Mmeniandama tena na kisa hiki, mimi ambaye hata jina langu naliandika kama kuku aliyechakura. Haya. Mtu alisajili tovuti kwa jina la vitumbua vyangu, jina lake akalificha, akanitumia ujumbe: nimwachie meza yangu ya sokoni ndipo anirudishie jina hilo. Nilimshuku tajiri Vuai, aliyekuwa akiimezea mate meza hiyo siku nyingi. Nikamwendea dukani kwake pamoja na sheha, kiongozi wa mtaa wetu.

“Vuai mwanangu, mimi mjinga, nisaidie. Sheha anataka vitumbua mia tano vya harusi ya bintiye kwa mwenye tovuti ile, nami simjui.”

“Mbona ni mimi, Bi Mize!” Akatoa na karatasi ya usajili.

“Sheha, umesikia?”

“Nimesikia. Na ule ujumbe wake ulionipa ninao.”

Vuai alinirudishia jina langu palepale, kisha, ili sheha asimfikishe polisi, akakaanga vitumbua vyote mia tano vya harusi bure, kwa mkono wake, nami nimekalia kiti chake nikimwambia, “Geuza!”