Nani Akae na Kompyuta Inayokunjika

Jambo hili alinieleza kwanza wifi yangu Tulinagwe, tukichambua maharage uani kwake.

"Wifi, siku hizi kuna kompyuta inakunjwa nyuma mpaka inakuwa kishikwambi, na ina kalamu yake ya kuandikia kwenye kioo."

"Haivunjiki?"

"Inakunjika, wifi. Nimesema inakunjika."

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwezi uliopita, palikuwa na wanawake watatu wa Tukuyu walioshona sare za shule. Mwenyekiti alikuwa Mama Subilaga, mtu wa kubishana hata na redio. Mkata vitambaa alikuwa Tulinagwe. Katibu nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu sikosei herufi. Hawakujua kwamba mbele ya mgeni huwa nasahau hata jina langu.

Shule moja ya mlimani ilitaka sare mpya. Mwalimu mkuu alisema tumpelekee mitindo aitazame, achague, atie saini palepale. Tukiikosa kazi hiyo, cherehani zetu zingelala. Basi tukaenda dukani kuitafuta kompyuta hiyo, watatu, na mwanangu Lusajo mgongoni.

Muuzaji akaweka kompyuta tatu mezani. Mama Subilaga akazikunja na kuzikunjua, akazikunja na kuzikunjua, mpaka muuzaji akatoka jasho.

"Hii bawaba yake imelegea. Iondoe."

"Mama, hiyo ni mpya!"

"Mpya, na kichwa kinaning'inia? Iondoe."

Zikabaki mbili, kubwa na ndogo. Mama Subilaga akaitaka kubwa, ndiyo ya heshima. Mimi nilitaka kusema neno, neno likakataa kutoka. Nikafanya ninachokijua: nikavua futi yangu ya kupimia nguo shingoni, nikaipima ile kubwa.

"Dada, unaishonea gauni?" muuzaji akauliza. Duka zima likacheka.

Kwa aibu nikaibeba ile kubwa kwa mkono mmoja, kama ninavyombeba Lusajo. Mkono ukatetemeka. Nikabeba ndogo. Mkono ukatulia.

"Ndogo," nikasema. Siku hiyo sikusema neno lingine.

Siku ya kwenda shuleni, Mama Subilaga aliamka na mafua, sauti hana. Tulinagwe alikuwa amefiwa na jirani. Nikabaki mimi.

Mbele ya mwalimu mkuu nikafungua picha za sare, nikakikunja kioo nyuma, nikabonyeza vitufe vilivyobaki chini. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Nimeiua, nikawaza. Nimeiua kompyuta ya kikundi. Nikasimama nayo mkononi, machozi karibu, mdomo umefungwa.

Mwalimu mkuu akapitisha kidole kwenye kioo. Picha ikasogea. Akapitisha tena.

"Mafundi wengine huja na maneno mengi," akasema. "Wewe umeniacha nitazame. Hiyo kalamu yake iko wapi?"

Akatia saini kwenye kioo.

Niliporudi walinibeba juujuu. "Katibu wetu mjanja!" Baadaye nikamuuliza Tulinagwe, eti kuna mama mmoja ananiuliza, vitufe vikikataa kompyuta ikikunjwa, imekufa?

"Vinajizima vyenyewe, visibonyezwe ovyo. Mwambie huyo mama atulie."

Chumba chetu cha kushonea kinavuja, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Ilibidi kompyuta ikakae nyumbani kwa mmoja wetu.

"Ikae kwangu," akasema Tulinagwe. "Bila mimi mngejuaje kwamba ipo?"

"Ikae kwangu," akasema Mama Subilaga, sauti imerudi yote. "Bila mimi mngebeba yenye shingo legevu."

Wote wakanigeukia. "Na wewe, Mama Lusajo? Kazi si umeileta wewe?"

Niliitaka. Niliitaka kuliko wao, maana ni kitu cha kwanza kilichowahi kusema kwa niaba yangu. Nikatazama miguu yangu.

"Kesho asubuhi useme," mwenyekiti akaamua.

Asubuhi yake niliwatangulia kufika chumba cha kushonea. Nikachukua ile kalamu, nikaandika kwenye kioo haya yote, pamoja na habari ya yule mama aliyeuliza kuhusu vitufe. Nikaisimamisha kompyuta kama hema juu ya meza ya kukatia, nikajificha na Lusajo nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mstari wa mwisho ulisema hivi:

Aliyeleta habari zake, aliyekagua bawaba, au aliyesimama nayo kimya akidhani ameiua: je, nani alistahili kukaa nayo?