Bunduki Iliyosuguliwa kwa Majivu

Nikisema "Kale ilikuwapo," itikieni "Nasi tusikie." Kale ilikuwapo! Ala, sauti gani hizo, hamkula? Kale ilikuwapo! Haya, sasa nina watu. Mikono ipukuchue mahindi, masikio yaje kwangu.

Hapo kale, huku kwetu Ungoni, alikuwapo mzee akiitwa Mbano. Aliwahi kuwa askari wa Mjerumani, na Mjerumani aliposhindwa vita, Mbano akarudi nyumbani na bunduki begani. Akaitundika jikoni, juu ya mafiga. Moshi ukapanda, masizi yakashika. Mwaka ukaenda, masizi yakashika. Ikawa nyeusi tii, huoni chuma, huoni mti. Na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Sasa sikilizeni ubaya ulipo. Jirani yake, Mzee Haule, baba yake aliuawa kwa risasi ya askari katika vita vya Maji Maji. Haule alikuwa mtoto, aliona kwa macho yake. Alipoikuta bunduki jikoni kwa Mbano, akasema ndiyo hiyo hiyo. Mbano hakukubali, hakukataa. Mnashangaa? Mtu akiogopwa, kuku wake hawaibiwi! Basi Mbano akanyamaza, uadui ukakaa, masizi yakakaa.

Mbano akafa. Mrithi ni binti yake mmoja tu, Kunigunda, na Kunigunda alikuwa akipendana na Longino, mtoto wa Haule. Acha kucheka, Otmari, wewe unadhani uliokotwa? Walipendana kweli, lakini Haule alikwisha kuapa kwamba mwanawe hataoa nyumba yenye bunduki ile. Kunigunda akaulizia thamani ya urithi wake. Mmoja akasema ng'ombe watano, mwingine akasema hicho ni chuma cha kufulia majembe tu. Mwisho akamtumia Haule ujumbe aichukue bure, iwe fidia ya damu. Haule akajibu kwamba hawezi kupokea kitu kilichomuua baba yake. Binti wa watu akalia, akaona amerithi laana.

Ikafika siku ya kumaliza matanga. Msiba haususiwi, hata Haule alikuja, akakaa pembeni. Wakaja na watani wetu Wahehe, si mnawajua? Mama mmoja wa Kihehe, Mama Kihongosi, akaingia jikoni, akatoka na bunduki. Akasema Mngoni huyu alikuwa mchafu mno, hata chungu chake kilikuwa kisafi kuliko bunduki. Akachota majivu, akashika gunzi, akaketi chini, akasugua. Kunigunda alitaka kumzuia, akajizuia mwenyewe, maana mtani hakatazwi. Akasugua, masizi yakatoka. Akasugua, chuma kikaonekana. Kikatokea kitaji kidogo kilichochorwa kwenye chuma, na chini yake maandishi na tarakimu nne.

Mama Kihongosi hakujua kusoma. Akaibeba mpaka kwa Haule, akamwekea magotini.

"Haya soma, Mngoni. Kazi ya kuosha nimemaliza."

Haule akasoma. Akarudia, kidole juu ya chuma. Ulikuwa mwaka, maana Wajerumani ndivyo walivyo, hata kengele ya kanisa waliichora mwaka ilipotengenezwa. Ulikuwa 1912. Na msalaba wa kaburi la baba yake, aliouchonga kwa mikono yake, uliandikwa 1906. Wazee wa rika la Mbano, ambao Haule hakuwahi kuwauliza, wakasema ni kweli, wao na Mbano walichukuliwa uaskari pamoja, Maji Maji imekwisha zamani. Bunduki haiui kabla haijazaliwa, wanangu.

Mzee Haule akalia mbele za watu, wala hakujificha. Halafu akamwita Kunigunda.

"Mwanangu, uliuliza thamani ya kitu hiki. Mimi kimenigharimu rafiki, miaka yote ya utu uzima wangu, ukuta kwa ukuta, na sikumsalimu. Sitaki kimgharimu na Longino."

Mahari ikaenda kabla ya mvua. Bunduki wakaipeleka serikalini, na Mama Kihongosi alikula nyama ya harusi mpaka tukamtania sisi.

Kwa hiyo, wanangu, mkirithi kitu, kifuteni kwanza mjue ni nini. Na uadui nao hurithiwa, nao una masizi yake.

Kale imerudi kwao. Palipo patamu tafuneni nyie, mimi sina meno.